Unyayo Kwenye Kipandio cha Saba

Verna Himmelman alizungumza na mafundi wawili kabla ya kumpigia simu Wendell Corkum, na jambo hilo alitaka lieleweke. Fundi wa kwanza alizitazama ngazi kwa dakika tatu, akashauri zing'olewe zote na kuwekwa nyingine za kiwandani, zenye zulia. Wa pili alisema nafasi anayo mwezi wa Oktoba. Huo ulikuwa mwezi wa Juni, na tangu theluji iyeyuke baba yake Verna alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya pili aling'oa viguzo vitatu vya ukingo wa ngazi. Daktari hakutumia maneno mengi. Ama ngazi zitengenezwe na ziwe na mahali pa kushika pande zote mbili, ama mzee ahamishiwe kwenye makao ya wazee.

"Basi amebaki mmoja," alisema shangazi yake, Elva, akiwa jikoni na bakuli la mashina ya rubabu ya kupikia pai mapajani. "Na unamjua."

"Namjua."

"Mbona uso umechachuka kama samaki wa kwenye siki?"

"Shangazi, natafuta fundi wa ngazi. Sitafuti kitu kingine."

"Nani kasema kingine? Mimi nimesema ngazi. Wewe ndiye uliyeongeza."

Wendell alifika Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi kama alivyoahidi. Alivua viatu vyake mlangoni, akavaa raba za kazi, akaweka sanduku la vyombo juu ya turubai. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, mrefu, mwenye mvi chache karibu na masikio. Verna alimzidi kwa kitu kimoja tu: yeye alikuwa amejiandaa wiki nzima ili asionyeshe chochote usoni, na alifaulu.

"Karibu, Fundi."

"Asante, Bi Himmelman."

"Siku hizi mimi ni Bi Himmelman?"

"Mteja huitwa kwa jina la nyumba," alijibu Wendell, na tayari alikuwa amepiga magoti kwenye kipandio cha kwanza, kiganja chake kikipita juu ya mbao za mwaloni.

Miaka kumi na miwili kabla ya hapo alikuwa amesimama mahali hapohapo, kofia mkononi, akaomba ruhusa ya kumwoa Verna. Baba yake, Burton Himmelman, wakati huo alikuwa mkuu wa shule, na mji mzima wa Lunenburg hata leo haumwiti kwa jina jingine ila Mwalimu Mkuu. Alimjibu bila kupandisha sauti: "Binti yangu hataolewa na mtu anayefanya kazi kwa magoti." Verna alikuwa juu ya ngazi, ameshika nguzo. Wendell alimwinulia macho, akangoja neno moja, neno lolote. Neno halikuja. Alivaa kofia akatoka. Verna akarudi chuoni Halifax, kisha akapata kazi hukohuko, akarudi mwaka huu tu kumtunza baba yake. Katika muda wote huo kila mmoja aliitunza hasira yake kama mtu anavyotunza cheo alichopewa hadharani.

"Cha sita kinalia," Wendell alisema alipokwisha kuvikagua vipandio vyote kumi na vinne. "Kabari zake zimekauka kwa chini. Nikinyamazishe?"

Swali hilo fundi wa ngazi humwuliza kila mteja, kwa maana wako wasiotaka. Katika nyumba hiyo lilikuwa swali zito. Kipandio cha sita kilikuwa kimelia kwa miaka arobaini kwa amri ya Mwalimu Mkuu. Ofisi yake ilikuwa ubavuni mwa ngazi, na kwa kilio hicho alijua nani kapanda, nani kashuka, na saa ngapi. Kwa sababu hiyohiyo watu wa nyumba walijifunza kukiruka. Verna alikiruka kabla hajajua kuhesabu hadi sita. Mama yake, marehemu Leta, alikiruka hata akiwa amebeba kapu la nguo.

"Kinyamazishe," sauti ilitoka juu. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, fimbo mkononi, nyonga yake mbovu imeegemea ukuta. "Sina tena wa kumsikiliza."

"Sawa, Mwalimu Mkuu."

"Na useme utamaliza lini. Sipendi mtu wa kesho-kesho."

"Jumamosi saa sita mchana."

"Tutaona."

Kazi ilikwenda kama inavyokwenda kazi ya mtu anayejiheshimu. Jumatatu na Jumanne alirudisha viguzo, akachonga viwili vipya kwa kufuata mfano wa vile vya zamani hata mtu asingevitambua. Jumatano aliingia kwenye kabati la chini ya ngazi na taa, gundi na kabari, akagonga kwa saa nzima. Alipotoka, unga wa mbao nyusini, alipanda akasimama juu ya cha sita kwa uzito wake wote. Hakikutoa sauti. Alhamisi alifunga ukutani mbao mpya ya kushikia, akapiga msasa kila kitu, akafuta vumbi mara tatu.

Siku hiyohiyo, mezani jikoni, Elva alimsogezea kikombe cha chai.

"Nasikia karakana umeuza."

"Nimeuza, Shangazi Elva."

"Kwa hiyo?"

"Jumatatu naondoka. Victoria, pwani ile nyingine ya Kanada. Kuna hoteli ya zamani, ngazi zake zinapanda ghorofa sita. Nyumba hii ndiyo kazi yangu ya mwisho hapa."

"Utarudi lini?"

"Sijakata tiketi ya kurudi."

Verna alikuwa anakata pai ya rubabu. Watu mezani walikuwa watatu; alipomaliza, pai ilikuwa na vipande kumi na sita.

"Tunategemea wageni?" Elva aliuliza.

"Kula, Shangazi."

Ijumaa mchana ilikuwa zamu ya vanishi, na hapo Wendell aliwakusanya wote. Mwalimu Mkuu alisikiliza kutoka juu.

"Napaka kimoja, naacha kimoja," alisema. "Leo cha kwanza, cha tatu, cha tano, hivyo hivyo hadi cha kumi na tatu. Vya katikati ni vikavu, mnavikanyaga. Kesho nageuza. Namna hii watu wa nyumba hawakosi pa kupita. Ila macho chini, tafadhali. Ukikanyaga kibichi, umeharibu."

"Na mimi mwenye mguu mmoja na nusu?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Nitavuka viwili viwili kama mbuzi?"

"Wewe, Mwalimu Mkuu, utakaa huko juu hadi vikauke."

"Nimefungiwa nyumbani kwangu!"

"Umewafungia wangapi baada ya masomo, Burton?" Elva alimwambia. "Kaa na wewe uone."

Wendell alianza juu akashuka, akipaka na kurudi nyuma, kipandio baada ya kipandio, pasipo tone kuanguka mahali pasipostahili. Alipofika chini alikaa juu ya sanduku lake akaanza kusafisha brashi kwa tapentaini. Verna alitoka jikoni. Hakuwa na sababu ya kutoka jikoni, na wote wawili walilijua hilo.

"Pamependeza," alisema.

"Kesho patakuwa pazuri zaidi."

"Unakwenda Victoria kufanya nini ambacho huwezi kukifanya hapa?"

"Kazi."

"Nusu ya nyumba za mji huu ngazi zake zimelegea."

"Zitampata fundi mwingine. Yule wa zulia ana nafasi."

Verna hakucheka. "Ulipotoka mlango huu hukuniandikia hata barua moja."

"Nimwandikie nani? Mtu aliyesimama pale juu kama sanamu ya kanisani?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne, Wendell."

"Nami ishirini na sita. Haikukosekana miaka. Ulikosekana ulimi."

"Ungeniuliza!"

"Niliuliza. Kofia mkononi, mbele ya baba yako. Aliyeulizwa hakuwa yeye peke yake, Verna." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake tangu Jumatatu, na ilionekana kumuudhi kwamba limemtoka. Akaikamua brashi kwa nguvu isiyo ya lazima.

"Ungeuliza mara ya pili."

"Mtu akishaambiwa kwamba anafanya kazi kwa magoti, hapigi magoti mara ya pili kwenye mlango uleule."

"Hapo sasa. Kiburi hicho."

"Ni kiburi, sikatai. Wewe chako unakiitaje?"

Kwa miaka kumi na miwili Verna alikuwa amekiita heshima kwa wazazi, na jina hilo lilikuwa limemfaa hadi alasiri ile.

"Usijisumbue kunijibu," Wendell alisema, sauti yake imerudi kuwa ya fundi na mteja. "Nyumba hii nilikwisha kuisahau. Nimeifanyia kazi kama ninavyoifanyia nyumba yoyote: mbao, gundi, vanishi. Kesho saa sita namaliza, Jumatatu naondoka."

Hapo kitu kilianguka juu kwa kishindo.

"Baba!"

Wendell alikwisha kuruka. Alikanyaga cha pili, akakanyaga cha nne, na hapo mguu wake ukafanya jambo ambalo kichwa hakikuutuma. Ulikiruka cha sita, kilichokuwa kikavu, imara, kilichonyamazishwa na mikono yake mwenyewe siku mbili nyuma, ukatua kwa uzito wote katikati ya cha saba. Hakugundua. Aliendelea hadi juu. Verna alimfuata akivikanyaga vya katikati kimoja kimoja.

Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa sakafuni mwisho wa ngazi, mgongo umenyooka, mzima kabisa.

"Sikuanguka," alisema. "Fimbo ndiyo iliyoanguka. Mimi nilikuwa nimekaa nasikiliza. Nyumba ni yangu."

"Baba, umetutisha!"

"Waliotishika ni wale waliokuwa wanapiga kelele." Kisha macho yake yakashuka kwenye ngazi yakatulia. "Corkum. Tazama kazi yako."

Wendell aligeuka. Katikati ya kipandio cha saba, kwenye vanishi iliyokuwa iking'aa kama maji, palikuwa na unyayo mmoja mzima wa raba, mistari yake yote ikihesabika. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwa amewahi kukanyaga vanishi yake mwenyewe. Shingo yake ilibadilika rangi.

"Cha sita ni kikavu," Mwalimu Mkuu alisema polepole. "Wewe mwenyewe umetuhutubia leo mchana. Na cha sita hurukwa na watu wa nyumba hii tu. Kabla ya wiki hii wewe uliingia humu mara moja, ukasimama chini, ukatoka. Nani alikufundisha kukiruka?"

"Haraka tu, Mwalimu Mkuu. Mguu uliteleza."

"Mguu ulioteleza hauruki. Usinidanganye juu ya ngazi zangu. Nimekuuliza: nani?"

Ilikuwa sauti ile ambayo vizazi vitatu vya wanafunzi havikuweza kuistahimili. Wendell alitazama dirisha, akamtazama Elva, aliyekuwa ametokea chini mlangoni mwa jikoni na taulo mkononi.

"Mwambie," Elva alisema. "Mlango wa nyuma niliufungua mimi, na nikipelekwa jela nitapumzika kupika."

"Alinifundisha Mama Leta," Wendell alisema.

Aliendelea kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo.

"Ule msimu wa baridi baada ya wewe kunikataa, wa mwisho wa maisha yake, alipokuwa hawezi kusimama. Alitaka kufika dirishani aitazame bandari, na hakutaka kubebwa. Akamtuma Shangazi Elva aniite. Nilikuja kila Alhamisi alasiri, wakati wewe umejifungia ofisini unasahihisha madaftari. Aliniambia, 'Vua viatu, na cha sita ukiruke. Burton ana masikio ya paka.' Nilimfungia mbao ya mwaloni ukutani, kutoka kitandani hadi dirishani. Nilifanya kidogo kidogo, bila nyundo, kwa sababu yako. Ilichukua Alhamisi tisa. Baadaye nilikuwa nakuja tu, anatembea nayo, mimi namtazama asianguke."

"Ile mbao," Mwalimu Mkuu alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani waliiweka watu wa hospitali."

"Watu wa hospitali hawaungi mbao namna ile," alijibu Wendell, na hata katika saa hiyo ufundi wake ulidai haki yake.

Mzee alitazama mikono yake. "Naishika kila asubuhi," alisema, bila kumlenga yeyote. "Bila ile siwezi kutoka kitandani."

Verna alikuwa ameegemea nguzo ileile ya miaka yote. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mama yako alikataa. Alisema una mitihani. Na alisema hataki mwanawe aolewe kwa ajili ya shukrani. Maneno yake yalikuwa, 'Verna akisema, aseme mwenyewe.' Nikangoja." Akakunja mabega. "Basi."

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Corkum, maneno niliyokwambia pale chini mwaka ule yalikuwa maneno ya mpumbavu. Ninayasema haya mara moja. Usiniombe nirudie."

"Sikukuomba useme hata mara hiyo moja, Mwalimu Mkuu. Lakini nimesikia."

Kisha alishuka. Alishuka kwa uangalifu mkubwa, akikanyaga vya katikati, na safari hii alikikanyaga cha sita kwa makusudi. Chini alichukua brashi, akaikagua dhidi ya mwanga.

"Cha saba bado ni kibichi," alisema bila kuinua macho. "Nikikiwahi sasa, nakisawazisha kwa dakika tano, hakuna atakayejua. Kesho saa sita ni palepale."

Verna alielewa hesabu hiyo. Dakika tano, kisha kesho, kisha Jumatatu. Alikuwa amesimama mahali alipopatia ububu, baba yake yuko kando yake kama wakati ule, na mtu yuleyule yuko chini, isipokuwa safari hii hamtazami wala hangoji tena.

Aliinama akavua soksi moja. Akavua ya pili, akazikunja pamoja, akamkabidhi baba yake.

"Nifanye nini na hizi?" mzee aliuliza.

Verna aliweka mguu wake mtupu juu ya kipandio cha kumi na tatu.

"Verna! Hicho ni kibichi!"

"Najua, Baba."

Vanishi ilikuwa baridi, na imekwisha kuanza kushika. Iliachia unyayo wake kwa sauti ndogo ya kunata. Akashuka cha kumi na moja. Akashuka cha tisa. Hakushika mbao ya kushikia na hakuharakisha. Wendell aliinua uso, brashi ikasimama hewani. Kwenye cha saba Verna aliuweka mguu wake kando ya alama ya raba, akatulia hapo kidogo, kisha akaendelea: cha tano, cha tatu, cha kwanza. Elva alijifunika mdomo kwa taulo.

"Neno ulilolingoja," Verna alisema, akiwa amesimama mbele yake juu ya turubai, "ni hili. Usiende. Nimechelewa, najua. Halikutolewa na shukrani, wala halikutolewa na Mama. Nimelisema mimi."

Wendell alitazama ngazi. Nyayo saba za mwanamke ziliteremka kutoka juu hadi chini, na moja ya mwanaume katikati.

"Hizi hazisawazishiki," alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa imara kama kazi yake. "Lazima zikauke kabisa, zikwanguliwe, zipigwe msasa, zipakwe upya. Wiki mbili. Labda tatu."

"Na Jumatatu?"

"Siachi kazi na kasoro. Hoteli itapata barua."

"Na mimi?" Mwalimu Mkuu aliita kutoka juu, soksi mkononi. "Wiki tatu nitakuwa huku?"

"Pai tutakuletea, Burton," Elva alisema. "Ipo ya kutosha. Kaa uandike mara mia: sitawatukana mafundi."

Wendell hakuwasikia. Alikuwa ameshika kitambaa safi, akakichovya kwenye tapentaini.

"Ikikauka miguuni itakuumiza," alisema. "Lete mguu."

Naye akapiga magoti palepale, kwenye mlango uleule, akauchukua mguu wa Verna kiganjani mwake kwa uangalifu alioutunzia mbao nzuri, akaanza kuusafisha kutoka kisiginoni. Alipofika vidoleni aliinua macho na kuuliza, kwa sauti ya chini, lile swali la miaka kumi na miwili. Safari hii alimwuliza yeye peke yake.

Juu ya ngazi, Mwalimu Mkuu alikuwa bado ana masikio ya paka. Alilisikia swali, akalisikia na jibu. Aliiokota fimbo yake, akainuka kwa kushika mbao mpya ya ukutani, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu.